Uso wa mvumbuzi kwenye stempu: kwa nini wanawake ni wachache

Mwaka 1893 jiji la Chicago liliandaa maonyesho makubwa ya dunia, kuadhimisha miaka 400 tangu Christopher Columbus afike Amerika. Posta ya Marekani ikatumia nafasi hiyo kutoa stempu zake za kwanza za kumbukumbu, seti ya stempu 16, kuanzia ya senti 1 hadi ya dola 5. Kwenye ile ya dola 4 alikuwepo mwanamke: Malkia Isabella wa Hispania, aliyefadhili safari ya Columbus. Kwa seti hiyo Isabella akawa mwanamke wa kwanza kuonekana kwenye stempu ya Marekani, na wala hakuwa Mmarekani.

Katika maonyesho hayohayo, majikoni mwa migahawa iliyokuwa ikilisha umati wa wageni, zilikuwepo mashine za kuoshea vyombo. Aliyezibuni alikuwa mjane kutoka mji mdogo wa Shelbyville, jimbo la Illinois, aitwaye Josephine Cochran. Mumewe alifariki mwaka 1883 akamwachia madeni, na wazo lililokuwa la kumwondolea adha nyumbani likageuka kuwa njia ya kujikimu. Alipima sahani na vikombe vyake kimoja kimoja, akatengeneza vizimba vya waya vya kuvishika, akavipanga kwenye gurudumu lililolazwa ndani ya chombo cha shaba. Gurudumu likizunguka, maji ya moto yenye sabuni yalirushwa kwa nguvu juu ya vyombo. Hiyo nguvu ya maji ndiyo siri yenyewe, na mashine za leo bado zinaitegemea. Serikali ilimpa hataza, hati ya kuutambua uvumbuzi wake, tarehe 28 Desemba 1886, na pale Chicago mashine yake ikapata tuzo.

Cochran alikufa mwaka 1913. Uso wake uliwekwa kwenye stempu mwaka 2013, tena si kwao, bali Romania. Tangu maonyesho ya Chicago ilikuwa imepita miaka 120.

Mtu anaweza kusema ni bahati tu, kwamba watu ni wengi na stempu ni chache. Mimi nimekuwa nikizitazama stempu tangu utotoni, tulipokuwa tukilowesha vipande vya bahasha kwenye bakuli la maji ili zibanduke bila kuchanika, na naona jambo hili lina mpangilio wake. Stempu haianzi na msanii wala na mashine ya kuchapa. Inaanzia kwenye karatasi nyingine iliyoandikwa zamani: cheti, hati, daftari la mahakama. Jina lisilokuwepo kwenye karatasi hiyo ya kwanza hupata taabu sana kufika kwenye hii ya pili.

Lakini kabla ya karatasi kuna maneno, na hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo. Tunasema mtu amevumbua, amegundua, amebuni, na mara nyingi tunayatumia maneno haya kana kwamba ni mamoja. Vitabu vya zamani viliwaita hata wasafiri wa Kizungu wavumbuzi, wakati milima na maziwa waliyoyaona yalikuwa na wenyewe na yalikuwa na majina. Tukitaka kuelewa habari ya stempu, inabidi tutenganishe. Kugundua ni kukiona kilichokuwepo ambacho watu hawakukijua: elementi, kijidudu, sayari. Kubuni ni kukitoa kichwani kitu ambacho hakikuwepo: mashine, dawa iliyotengenezwa, namna mpya ya kupima. Mvumbuzi ninayemzungumzia hapa ni huyu wa pili.

Ukishatenganisha hivyo, orodha inajikata yenyewe. Wanawake wa sayansi wanaoonekana mara nyingi kwenye stempu za dunia ni wagunduzi, na anayeongoza bila mpinzani ni Marie Curie. Mwaka 1938, miaka 40 baada ya yeye na mumewe Pierre kuigundua radiamu, Ufaransa ilitoa stempu yao wawili yenye nyongeza ya bei kwa ajili ya mapambano dhidi ya saratani. Stempu hiyo ilitolewa pia kwa makoloni yake, ikafika hata jirani zetu Madagascar na Djibouti. Marekani nayo mwaka 2008 ilimweka Gerty Cori, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kazi ya kueleza jinsi mwili unavyotumia sukari. Heshima ilikuwa ya kweli, ila fomula ya kemia iliyochorwa pembeni mwa uso wake ilikosewa, na wanakemia waliiona mara moja. Inauma. Mama yule alitumia maisha yake kuhakikisha kila kitu kwenye molekuli kiko mahali pake.

Jambo ambalo stempu nyingi za Curie haziligusi ni kwamba alikuwa pia mtu wa kuunda vitu. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza alitengeneza magari yenye mitambo ya eksirei yaliyokwenda karibu na uwanja wa mapigano, akajifunza kuendesha, akawafundisha wanawake wengine kuitumia mitambo hiyo. Maelfu ya askari walitafutwa risasi mwilini kwa njia hiyo. Nobel hutolewa zaidi kwa ugunduzi, na posta hufuata Nobel. Gari la kubeba mtambo halina tuzo yake.

Kwa mvumbuzi, kinachosimama mahali pa Nobel ni hataza, yaani hati ya serikali inayotamka kwamba kitu fulani kimebuniwa na fulani, na kwamba kwa muda maalumu mwingine asikitengeneze bila ruhusa. Ni karatasi ya biashara, lakini kwa mwanahistoria ni cheti cha kuzaliwa. Tabu ni kwamba kwa miaka mingi mwanamke aliyeolewa katika sheria ya Kiingereza, na baadaye ya Marekani, hakuweza kumiliki mali kwa jina lake. Mke na mume walihesabiwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Sybilla Masters wa Pennsylvania. Wakati huo Wazungu wa kule walikuwa wakisaga mahindi kwa mawe, ilhali wanawake wenyeji wa Amerika waliyatwanga, kama bibi zetu, kwa kinu na mchi. Sybilla alibuni mtambo wa kutwanga badala ya kusaga, wenye michi iliyopandishwa na kushushwa kwa nguvu ya farasi au ya maji. Akavuka bahari hadi London kutafuta hati. Mwaka 1715 ilitolewa na Mfalme George wa Kwanza, kwa jina la Thomas Masters, mumewe. Maandishi yake yanakiri bila kificho kwamba uvumbuzi huo ulipatikana na Sybilla, mke wake. Tuna bahati karani aliandika maneno hayo. Ni wangapi ambao karani wao hakuandika?

Marekani ilipojitawala, ilichukua hadi tarehe 5 Mei 1809 kumpa mwanamke hataza kwa jina lake: Mary Kies wa Connecticut, aliyebuni namna ya kusuka majani makavu pamoja na hariri kwa ajili ya kofia. Na hata mlango ulipofunguka, kuingia hakukuwa rahisi. Margaret Knight alibuni mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi yenye kitako bapa, ile inayosimama yenyewe ukiiweka mezani. Alipopeleka kielelezo kwenye karakana kikatengenezwe kwa chuma, mwanamume mmoja, Charles Annan, akakiona, akakimbilia kuomba hataza kwa jina lake mwenyewe. Knight hakunyamaza. Alikwenda kwenye shauri na michoro yake, daftari zake na mashahidi wake, akashinda, na hataza yake ikatoka mwaka 1871. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini Knight hakusubiri kupewa. Alikwenda kuichukua akiwa na karatasi mkononi.

Kuna fundo jingine kwenye majina, nalo huwapoteza hata watafiti makini. Mwanamke hubadilisha jina anapoolewa, na hataza humfuata kwa jina la siku ile. Mwaka 1942 mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, alipata hataza pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil kwa ajili ya mawasiliano ya redio yanayorukaruka kwenye mawimbi 88, idadi ileile ya vibonye vya piano, ili adui asiweze kuyavuruga. Ukitafuta jina Lamarr kwenye hati ile hulioni. Imeandikwa Hedy Kiesler Markey, jina la kwao na la mume aliyekuwa naye hataza ilipoombwa. Kwa miongo mingi dunia ilimjua kwa uzuri wa sura tu, na hati iliyokuwa na ushahidi wa akili yake ilikaa kabatini chini ya jina jingine.

Au mtazame Madam C. J. Walker, ambaye Marekani ilimtolea stempu ya senti 32 mwaka 1998, katika mfululizo wa kila mwaka unaowaenzi Wamarekani Weusi. Alizaliwa mwaka 1867 Louisiana kwa jina la Sarah Breedlove, mtoto wa kwanza katika familia yao kuzaliwa akiwa huru, maana wazazi wake walikuwa watumwa. Herufi C na J zilizochapwa kwenye stempu si zake. Ni za mumewe, Charles Joseph Walker. Jina hilo ndilo alilolipa sifa yeye mwenyewe, akajenga kampuni ya mafuta na dawa za nywele na kuajiri maelfu ya wanawake Weusi kama mawakala wa mauzo. Watu wengi humtaja kuwa ndiye aliyevumbua kitana cha moto cha kunyooshea nywele. Si kweli, vitana hivyo vilikuwepo kabla yake. Alichokijenga kilikuwa kikubwa bila kuongezewa kitana: dawa alizozichanganya, na zaidi ya hapo mtandao wa kuziuza, uliowapa kipato wanawake ambao wengi wao wangeishia kufua nguo za watu, kazi aliyoifanya yeye mwenyewe kwa miaka mingi. Kumsifia kwa asilolifanya ni kumpunguzia alilolifanya.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo binafsi hunigusa kuliko yote: kitu kuwekwa kwenye stempu bila aliyekibuni. Mwaka huohuo wa 1998 posta ya Marekani ilikuwa ikitoa mfululizo wa stempu kuhusu kila muongo wa karne ya 20. Kwenye karatasi ya miaka ya 1930 kulikuwa na stempu ya mchezo wa Monopoly. Kwa muda mrefu hadithi iliyosimuliwa ilikuwa kwamba Charles Darrow, mtu aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi, aliubuni mchezo huo na kuwa tajiri. Lakini mnamo tarehe 5 Januari 1904, zaidi ya miaka 30 kabla, Elizabeth Magie alikuwa ameshapewa hataza ya mchezo alioupa jina la mchezo wa mwenye ardhi: ubao wa kuzunguka, viwanja vya kununua, kodi ya kulipa, na jela pembeni. Aliubuni kuwafundisha watu jinsi wenye ardhi wanavyotajirika huku wapangaji wakikamuliwa. Mchezo ukasambaa kwa kunakiliwa mkono kwa mkono, watu wakichora mbao zao wenyewe, hadi ukamfikia Darrow. Mwaka 1935 kampuni iliyouchapisha ilimlipa Magie dola 500 kwa hataza yake. Alikufa mwaka 1948. Stempu ikaonyesha mchezo, jina lake halikutajwa.

Mwaka uliofuata, kwenye karatasi ya miaka ya 1960, ikatoka stempu ya mwanasesere Barbie. Aliyembuni alikuwa Ruth Handler, na alikuwa bado hai wakati huo. Hapo kuna sababu ya kikanuni na ni haki kuitaja: Marekani haiweki watu walio hai kwenye stempu. Zamani ilibidi mtu awe amekufa kwa miaka 10, baadaye ikashushwa ikawa 5, na siku hizi ni 3. Kwa hiyo kitu kinaweza kupata stempu siku yoyote, lakini mtu lazima asubiri kaburi, na baada ya kaburi asubiri watu wa kumkumbuka.

Nani basi huamua? Kule Marekani, tangu mwaka 1957 kuna kamati ya wananchi inayopokea mapendekezo kutoka kwa umma, kuyachuja, na kumshauri mkuu wa posta. Mtu yeyote anaweza kuandika barua. Mapendekezo ni maelfu na nafasi ni chache, kwa hiyo mwenye chama nyuma yake, au chuo, au kampuni, ana nguvu kuliko mwenye wajukuu tu. Wavumbuzi wanaume walikuwa na viwanda vilivyobeba majina yao. Mwaka 1940 Marekani ilitoa seti ya Wamarekani 35 mashuhuri, na kundi la wavumbuzi lilikuwa na watu watano: Whitney, Morse, McCormick, Howe na Bell. Wanawake katika seti nzima walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyewekwa kwenye uvumbuzi. Mwaka 1983 wakarudia na stempu nne za wavumbuzi: Steinmetz, Armstrong, Tesla na Farnsworth. Sina ubishi na hata mmoja kati ya hao. Lakini miaka 43 ilikuwa imepita, na mlango ulikuwa palepale.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1984, mhandisi Lillian Gilbreth alipata stempu yake ya senti 40. Huyu ndiye aliyepima hatua za mtu jikoni, kutoka sinki hadi jiko hadi kabatini, ili hatua za kazi zipungue, na anatajwa kuwa ndiye aliyeleta pipa la taka linalofunguka kwa kukanyaga na rafu za ndani ya mlango wa friji. Alizaa watoto 12. Kitabu chake cha mwaka 1914 kilipotoka, jina lake la kwanza liliandikwa kwa herufi tu, ili msomaji asijue kwamba mwandishi ni mwanamke. Kila mkusanyaji anayeishika stempu ile sasa analisoma jina kamili.

Hapa inabidi niseme jambo linalotuhusu sisi wa huku. Mkusanyaji akifungua albamu atakuta stempu za wanawake wa sayansi wa Ulaya na Marekani zenye majina ya nchi za Afrika, akadhani nchi hizo zimeamua kuwaenzi. Mara nyingi sivyo ilivyo. Kwa miaka mingi nchi kadhaa, Tanzania na Uganda zikiwemo, zimefanya kazi na mawakala wa nje, ambao huchagua mada zinazopendwa na wakusanyaji, huchapa, huuza nje, na nchi hupata sehemu ya mapato. Ndiyo maana kuna stempu za Tanzania zenye dinosaria na waimbaji wa Marekani ambazo huenda hazikuonekana kwenye dirisha la posta ya Tabora. Hizo ni halali. Zipo nyingine zilizochapwa kwa jina la nchi bila nchi yenyewe kujua, na Umoja wa Posta Duniani hutuma tahadhari kuhusu stempu za namna hiyo. Tangu mwaka 2002 umoja huo una mfumo wa namba za kusajili stempu zinazotambuliwa na nchi wanachama. Kwa hiyo ukiona stempu ya mvumbuzi mwanamke, mbali na kuuliza huyu ni nani, uliza pia ilitolewa wapi, na ilibandikwa lini kwenye bahasha ya mtu. Romania ilipomweka Cochran, Mmarekani aliheshimiwa ugenini. Stempu ya wakala ni habari nyingine.

Nimemwacha mwisho mmoja ambaye kazi yake imefika huku kwetu kuliko stempu yoyote. Virginia Apgar alikuwa daktari wa nusukaputi New York. Alitaka kuwa mpasuaji, mkuu wake akamshauri aache kwa kuwa wanawake hawakuwa wakipata riziki kwenye fani hiyo. Mwaka 1952 alibuni njia ya kumpima mtoto aliyezaliwa sasa hivi, bila chombo cha gharama: rangi ya ngozi, mapigo ya moyo, anavyoshtuka akiguswa, misuli, na kupumua. Kila dalili hupewa 0, 1 au 2, dakika ya kwanza na dakika ya tano. Kabla ya hapo mtoto aliyetoka amelegea aliweza kuwekwa pembeni na kuhesabiwa kuwa hataishi, kwa sababu hakuna aliyelazimika kumtazama kwa utaratibu.

Miaka 10 baadaye mtu mwingine alitumia herufi za jina lake kutengeneza kifupisho cha Kiingereza cha dalili zile tano, ili wanafunzi wakumbuke. Kikakaa vizuri mno. Leo wapo wauguzi wengi, wa huku na wa kwingineko, wanaodhani APGAR ni herufi tu.

Yeye mwenyewe alikuwa mkusanyaji wa stempu. Pia alijifunza kutengeneza ala za muziki za nyuzi kwa mikono yake. Alikufa mwaka 1974, na tarehe 24 Oktoba 1994 stempu yake ya senti 20 ilizinduliwa mjini Dallas kwenye mkutano wa madaktari wa watoto, na wanamuziki wakapiga ala alizoziunda mwenyewe. Siku ile pia, kama kila siku, katika wodi za wazazi kutoka Mombasa hadi Bujumbura, wakunga walitazama saa, wakahesabu dakika tano, wakaandika jina lake kwenye faili la mtoto na namba mbele yake.